Gari ya zamani imekugomea: dalili, sababu na pa kuanzia

Ukifufua gari ya zamani nyumbani, jioni baada ya kazi na wikendi, kuna siku utakaa chini pembeni yake na spana mkononi hujui uguse wapi. Maswali watu wanayoniuliza ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, manake gari haikuambii "kondensa imekufa", inakuambia haitaki kuwaka basi. Chini ya kila dalili nimeanza na kinachotokea sana, cha nadra kiko mwisho, na pale ambapo ningeacha na kuita fundi nimesema wazi.

Jambo moja kabla hujafungua boneti: usinunue spea kabla hujapima. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndio uende kingine. Mimi kuna siku nilibadilisha plagi, koili, kondensa na waya zote kwa mkupuo, gari ikawaka nikafurahi sana, wiki mbili baadaye ikazima na sikuwa na njia ya kujua nini kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Nitaeleza chini ilikuwa nini.

Usalama ni mfupi ila naomba uusome. Jeki ni ya kuinulia tu, ukishainua weka stendi kabla hujaingiza hata mkono. Usiwashe injini gereji ikiwa imefungwa, ekzosi ina gesi inayoua na huinusi. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu, sio nyuma ya maboksi.

Imekaa miaka, ukipiga starta injini haizunguki

Mara nyingi sana ni umeme tu. Washa taa kubwa kisha piga starta ukiziangalia. Zikififia mpaka karibu kuzima, ama betri haina nguvu ama terminali zimechafuka, au injini yenyewe imejamu. Zikibaki zinawaka vile vile, umeme haufiki kwenye starta, angalia solenoidi (swichi ya umeme ya starta), swichi na waya mnene. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 ikiwa imepumzika, na wakati starta inavuta isishuke sana chini ya 9.6. Halafu kuna waya wa athi, ule unaotoka betri kwenda kwenye bodi na mwingine wa kutoka bodi kwenda injini, watu wanausahau kabisa. Ufungue, sugua mpaka chuma king'ae, rudisha ukaze.

Kama umeme uko sawa na unasikia "tak" moja tu, meno ya starta yanaweza kuwa yamenasa. Zima swichi, weka gia ya juu, isukume gari mbele na nyuma kidogo, mara nyingi inaachia.

Ikiwa hata hivyo imekaza, ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu. Hapa subira ndio dawa. Toa plagi zote, mimina vijiko viwili vitatu vya oili ya giaboksi otomatiki kwenye kila silinda, acha siku kadhaa, hata wiki, ongeza tena. Kisha zungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya kranki kwa mkono, kidogo mbele kidogo nyuma. Usitumie starta na usiivute na gari nyingine ukiwa umeweka gia, utavunja ringi au utapinda konrodi kwa dakika moja. Na hata ile inayozunguka kirahisi, mara ya kwanza izungushe plagi zikiwa nje, kwa sababu kama kuna maji ndani ya silinda hayabanwi, yatapinda chuma.

Acha hapo: ikizunguka halafu inagonga kitu kigumu sehemu ile ile kila mara. Hiyo inaweza kuwa valvu iliyokwama au kitu kimeanguka ndani, hedi (kichwa cha injini) lazima ifunguliwe, na kama hujawahi kufungua hedi mtafute anayejua akusimamie.

Starta inazunguka vizuri ila haiwaki

Injini ya petroli inataka moto (cheche ya plagi), mafuta na hewa, na kwa gari iliyolala muda mrefu mimi naanza na moto kwa sababu unapimwa haraka. Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, chuma chake kiguse injini, shika na koleo yenye mpira, mtu mwingine apige starta. Fanya mbali na petroli iliyomwagika. Cheche ya bluu inayosikika "tik tik" ni nzuri, ya njano nyembamba ni dhaifu, na usipoona kitu ingia kwenye distributa (inayogawa moto kwa kila plagi).

Pointi, ile swichi ndogo ndani yake inayofunga na kufunguka, ndio wa kwanza kushukiwa. Zikikaa zinaota utando ambao huuoni vizuri kwa macho. Chukua karatasi ngumu kavu, kama kadi ya mwaliko, ipitishe katikati ya pointi zikiwa zimefunga, ivute, utaona imetoka na mstari mweusi, rudia mpaka mstari usitoke tena. Halafu pima nafasi yake zikiwa zimefunguka kabisa, gari nyingi ziko kati ya milimita 0.35 na 0.40 ila kitabu cha gari yako ndio mwenye neno la mwisho. Baada ya pointi angalia kofia ya distributa, mstari mwembamba kama unywele ndani yake ni ufa na umeme unapita hapo, kisha rota inayozunguka chini ya kofia, kisha kondensa, kikopo kinachokinga pointi zisiungue (pointi zikiwa zimeungua haraka au zinatoa cheche kubwa, kondensa ndio mshukiwa), mwisho koili inayokuza umeme wa betri uwe cheche. Plagi zenyewe, milimita 0.6 mpaka 0.7 kwa nyingi.

Sasa ile yangu. Ndani ya distributa kuna kawaya kafupi laini kanachounganisha sahani ya pointi na bodi ya distributa, kanapindapinda kila sahani inapojongea. Kwa nje plastiki yake ilikuwa nzima kabisa, ila nilipokavuta kwa vidole viwili kakanyooka kama mpira, kumbe shaba ndani ilishakatika na ncha zilikuwa zinagusana zinapotaka. Kwa hiyo ile siku iliwaka, haikuwaka kwa sababu ya spea nilizonunua, iliwaka kwa sababu nilipokuwa natingisha vitu ncha ziligusana. Ukiwa na moto unaokuja na kupotea vuta kila kawaya humo ndani taratibu, kanachonyooka kama mpira kamekatika.

Kama ulishachomoa waya za plagi zote kwa pamoja na hukuweka alama, hakikisha mpangilio. Silinda 4 za mstari nyingi ni 1-3-4-2, Volkswagen Beetle ni 1-4-3-2. Ukikosea hapo itapiga risasi kwenye kabureta au ekzosi na haitawaka kamwe.

Moto ukiwepo, ingia kwenye mafuta. Petroli iliyokaa mwaka na zaidi inanuka kama rangi ya mafuta, sio kama petroli, ukisikia harufu hiyo mwaga yote, usijaribu kuichanganya na mpya. Kisha chomoa paipu kwenye kabureta, iingize kwenye chupa, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, piga starta sekunde chache. Mafuta yatoke kwa msukumo. Yasipotoka angalia filta, paipu zilizopasuka (pampu inavuta hewa badala ya mafuta), kutu kwenye tanki, ndio uende kwenye pampu. Yakitoka vizuri shida iko ndani ya kabureta, mara nyingi sindano ya floti (kiboya kinachopima mafuta) imegandia au jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) zimeziba. Jeti puliza kwa hewa na dawa ya kabureta, usizichokonoe na waya, tundu likipanuka hata kidogo gari itakunywa mafuta na hutajua kwa nini.

Pampu za zamani zinazoendeshwa na injini zina ngozi ya mpira ndani. Ikipasuka petroli inaweza kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Chomoa kijiti cha oili: kama oili imepanda kuliko ulivyoacha na inanuka petroli, usiwashe kabisa, oili hiyo haina nguvu ya kulinda beringi na mvuke wake unaweza kulipuka. Badilisha pampu, mwaga oili, badilisha filta, ndio uendelee.

Inawaka, inatembea kidogo, inazima

Kabla ya yote, ikizima tu fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia "fuuu" ya hewa kuingia, tundu la kupumulia limeziba na pampu imeshindwa kuvuta. Ni dakika moja na nimeona watu wamefungua kabureta mara tatu kwa ajili ya hilo.

Kama sio hilo, jiulize inazima vipi. Ikikata ghafla kama umezima swichi ni umeme, koili au kondensa inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Pima cheche pale pale inapozima, sio kesho yake asubuhi. Ikififia kwa kukohoakohoa ni mafuta: uchafu wa tanki unaovutwa kwenye mdomo wa paipu, filta, au petroli inachemka kwenye paipu iliyo karibu na ekzosi. Isogeze paipu mbali au weka kinga ya joto.

Inayomisi ikiwa imesimama lakini inakaa sawa ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia pasipotakiwa, kwenye gasketi ya manifoldi na chini ya kabureta. Mpira wa vakyumu uliopasuka pia. Ukikaza kila kitu na bado, pima kompresheni (presha ndani ya kila silinda). Silinda zinatakiwa zikaribiane, moja ikiwa chini sana ya wenzake mwaga kijiko cha oili humo upime tena, namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Hapo kazi imekuwa kubwa na sio ya Jumamosi moja.

Inachemsha

Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Hata kwa kitambaa, hata kidogo kidogo. Subiri mpaka uweze kushika paipu ya juu kwa mkono bila kuuondoa.

Ikishapoa anza na vya wazi: maji yapo? beliti inateleza? mfuniko wa rejeta una mpira mzima? Mfuniko uliochoka unashusha presha na maji yanachemka mapema. Halafu themostati, itoe, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji unayoyachemsha, inatakiwa ifunguke karibu na namba iliyogongwa juu yake, nyingi ni nyuzi 82 au 88. Isipofunguka badilisha. Kuna tabia ya kuitoa na kuiacha nje moja kwa moja, mimi siikubali, injini inayotembea baridi muda wote inalika, oili inachafuka, na chanzo cha kuchemsha kinakuwa bado kipo.

Inayofuata ni uchafu, na kwa gari iliyolala hapa ndipo pananiumiza roho kwa sababu watu wanasafisha rejeta tu. Matope ya kutu yanakaa chini kabisa ndani ya bloku, hasa upande wa silinda ya nyuma. Fungua plagi ya kutolea maji ubavuni mwa bloku, na kama hakuna kinachotoka usifikirie hamna maji, ingiza waya uchokonoe, utaona tope la kahawia linaanza kudondoka kama uji. Sukuma maji ya bomba kinyumenyume mpaka yatoke masafi.

Baadaye angalia pampu ya maji (ikivuja kwenye tundu lake dogo la chini imekwisha) na taimingi (wakati cheche inapopiga), moto ukichelewa injini inachemsha hata rejeta ikiwa mpya. Mwisho ndio gasketi ya hedi: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiwaka, maji yanapungua na huoni yanapovujia, oili imekuwa kama maziwa. Kuibadilisha unaweza nyumbani ila hedi lazima ipelekwe kwa mwenye mashine apime kama imepinda. Ukiirudisha imepinda utaifungua tena.

Beetle na wenzake wa kupozwa kwa upepo hawana maji, beliti ile ndiyo inazungusha feni. Ikikatika taa nyekundu ya chaji inawaka, simama hapo hapo, sio mbele kidogo.

Moshi

Wa bluu ni oili. Ukitoka tu unapowasha asubuhi ni sili za valvu, ukitoka muda wote ukivuta ni ringi. Ila gari iliyokaa miaka ipe nafasi itembee kidogo kabla hujafungua injini, ringi zilizogandia mara nyingine zinaachia. Mweusi ni mafuta mengi, angalia choki iliyokwama na floti. Mweupe wa asubuhi unaoisha ni unyevu wa ekzosi, usioisha rudi kwenye gasketi.

Breki

Ningependa hii uifanye kabla ya injini. Najua hamu ya kusikia injini inanguruma, lakini gari inayowaka bila breki utashawishika kuitembeza.

*Pedali inazama mpaka chini.* Kwanza maji ya breki hayapo, tafuta yanapovujia: nyuma ya kila tairi kwa ndani, kwenye paipu za chuma zilizoliwa na kutu, na kwenye masta silinda (pampu kuu ya breki). Kama ni Morris Minor masta iko chini ya sakafu na unaijazia kutoka ndani ya gari, kwa hiyo inua kapeti. Ikiwa haivuji popote na pedali inakuwa ngumu ukipampu mara mbili tatu, ama kuna upepo ama shuu (zinazobana dramu) ziko mbali, zirekebishe kwanza ndio utoe upepo. Ukikanyaga na kushikilia, ikashuka taratibu chini ya mguu, mipira ya masta imekwisha.

*Tairi moja inashika na haiachii.* Wili silinda (inayosukuma shuu) iliyoota kutu ndio kawaida. Lakini kuna mpira wa breki (paipu laini inayopeleka maji kwenye tairi) ulioziba kwa ndani, huu unachanganya sana kwa sababu nje unaonekana mzuri. Ndani umevimba, mguu wako una nguvu ya kusukuma maji yapite, springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Pima hivi: tairi ikiwa juu na imeshika, fungua nati ya kutolea upepo pale pale. Maji yakiruka na tairi ikaachia, presha ilinaswa, na mpira huo ni wa kwanza kubadilisha. Isipoachia shida ni ya chuma ndani ya dramu. Mimi mipira yote ya breki ya gari iliyolala naitupa bila kuipima, siwezi kuona ndani yake.

Maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yanavuta unyevu hewani, yabadilishe kila miaka 2, na yasiguse rangi, yanaibabua. Usiweke oili ya injini hata tone, mipira yote itavimba. (Citroën zenye haidroliki ya mafuta ya kijani, LHM, ni habari nyingine, soma kitabu chake.) Na vumbi la ndani ya dramu usilipulize, shuu za zamani nyingi zina asibesto, lilowanishe kwa maji yenye sabuni ulifute na kitambaa unachotupa, barakoa usoni.

Acha uite fundi: kama baada ya kubadilisha na kutoa upepo pedali bado haikai juu. Gari nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina mfumo mmoja wa breki, ikivuja sehemu moja magurudumu yote manne hayana kitu. Hiyo sio ya kujaribu barabarani "nione itakuwaje".

Umeme wa ajabu ajabu

Ukiwasha indiketa taa ya nyuma nayo inawaka hafifu? Athi. Taa hafifu upande mmoja? Athi. Sugua pale taa inapofungwa kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine. Kabla ya kuunganisha betri hakikisha upande gani umefungwa kwenye bodi, gari nyingi za Uingereza za enzi hizo ni chanya kwenye bodi, Morris Minor mojawapo, na Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, weka kifuniko chake, springi za kiti zikigusa terminali zinawaka moto.

Chaji: betri ya volti 12, injini ikizunguka kasi ya kati, usome kama 13.8 mpaka 14.4. Dainamo haichaji vizuri ikiwa injini iko chini, huo sio ubovu. Fyuzi inayokatika kila mara inakuambia waya umechubuka, usiifunge na karatasi ya fedha. Ukishika waya ukakuta wa moto au plastiki imelainika, toa betri, na kama ganda la waya zote linapasukia mkononi mwite fundi umeme aweke upya zote.

Kutu

Vibonge vidogo chini ya rangi maana yake kutu imetoka ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni bati, mlio mzito kama unagonga mbao ni puti iliyofunika shimo. Milango, mabano ya taa na sakafu ndogo ukijua kuchomelea fanya mwenyewe. Rangi ya zamani usiisugue kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi, tumia msasa wa maji.

Ila chasisi ni nyingine. Land Rover za zamani zinadanganya sana hapa, bodi ya aluminiamu inang'aa na chini chasisi ya chuma imeliwa, hasa mhimili wa nyuma. Bisibisi ikizama kwenye chasisi karibu na springi, steringi au mikanda ya kiti inapofungwa, acha grainda chini, hapo kuna kupima kama gari imenyooka kabla ya kukata chochote na inataka fundi mwenye vipimo. Tanki la petroli linalovuja nalo usilichomelee nyumbani hata kama limekaa tupu mwaka mzima, mvuke unabaki kwenye mikunjo ya bati. Mpe anayefanya kazi hiyo kila siku, au tafuta jingine.